Ngoma Iliyomlaza Mzee Léopold Chini ya Benchi

Pale Kasenga, ukitaka kushonewa nguo ya harusi, na tena ufundishwe kuitembeza hiyo nguo mpaka altareni, mlango ulikuwa mmoja tu: kwa Mama Capitoline. Asubuhi alikata na kushona. Alasiri, futi bado iko shingoni, aliwapanga vijana wa kortege, wale wanaomtangulia bibi harusi kanisani kwa hatua za kucheza, akawahesabia miguu. Vita ya kwanza alikimbilia Burundi na kichwa cha cherehani mgongoni, kimefungwa kitenge kama mtoto, na akarudi nacho. Ya pili ilipokuja alikataa kuondoka. Alisema yule mtoto sasa amekuwa mzito.

Tena alikuwa na tabia moja: hakumwambia mtu hata siku moja kwamba nguo yake ni mbaya. Alisema tu, "Tufungue hapa kidogo."

Sasa, kulikuwa na Evariste, fundi wa redio, mwenye kinanda cha umeme kinachokumbuka. Unapiga filimbi, kinaiweka. Unapiga gitaa juu yake, kinaiweka. Mwisho unabonyeza kitufe kimoja, bendi nzima inalia yenyewe na wewe umekunja mikono. Miezi minne alitunga muziki usio na maneno, wa kumwingiza kanisani Nicole, binti wa mama yake mdogo. Kazi yake haikuwa imepigwa mbele ya watu hata mara moja. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu, kwenye mazoezi, akabonyeza. Filimbi zikaingia, tarumbeta zikaingia, kengele nazo. Kisha ngoma: ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta.

Kanisa zima likalala chini. Miaka ile ya vita nani angengoja kuuliza kama ni ngoma au ni bunduki? Mzee Léopold, baba ya bibi harusi, mtu wa kifua na kofia, aliingia chini ya benchi kwa wepesi ambao mke wake hakuwahi kuuona. Kuingia kulikuwa rahisi. Kutoka ndiyo kazi. Wasichana wawili wa kortege walimvuta kwa miguu, na filimbi zinaendelea tu, tamu kabisa. Alipopata kofia yake alisema maneno machache: Jumamosi itapigwa kaseti, na huyo kijana akae nyumbani na mashini yake.

Capitoline akamwomba siku tatu. Alikuwa amesikia kitu katika zile filimbi kabla hajalala chini na wengine.

Kesho yake Evariste alifika na kinanda, betri ya pikipiki na uso wa mtu aliyefiwa. Capitoline akaondoa vitambaa mezani, akavua viatu, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho, macho yamefungwa. Alimwambia kwanza kwamba zile filimbi za mwanzo zinatembea kama mwanamke anayetoka kuoga ziwani, hana haraka na anajua anatazamwa. Evariste akaanza kupata rangi. Kisha akamwambia aicheze mwenyewe, yeye awe Nicole.

Akampa kipande cha pazia kichwani. Evariste akaenda hatua nne vizuri. Ya tano tarumbeta zikamfukuza, ya sita kengele zikamkuta, ya saba akajikwaa kwenye kikapu cha vifungo. Vifungo vikamwagika mpaka barabarani, na pazia likabaki kwenye msumari.

"Hanipi nafasi ya kupumua," alisema akiwa chini, anahema.

"Nani?"

Akafikiri. "Miye mwenyewe."

"Umeshona kanzu ya muzuri sana, mwanangu," Capitoline akasema. "Lakini shingo umeifunga. Nicole atapitishia wapi kichwa?"

Wakaanza kufungua. Kila baada ya hatua nne, tarumbeta zinyamaze kidogo. Kengele zibaki za mlangoni tu. Evariste alikubali yote mpaka walipofika kwenye ngoma. Hapo akaweka mkono juu ya kinanda, akasema ngoma ndiyo moyo wa kazi yake.

"Moyo gani huo unalaza watu chini ya benchi? Toa, acha pale wazi. Miguu ya watu itapiga."

Aliifuta akiwa amefumba macho, kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha wakapiga upya, na penye wazi wote wawili wakakanyaga chini, pu, pu. Evariste akaanza kucheka, akashindwa kuacha.

Mzee Léopold alikubali kwa sharti: ngoma asiisikie.

Jumamosi kanisa likajaa. Filimbi zikamtoa Nicole mlangoni. Hatua nne, kimya, pu, pu. Benchi zote zikakanyaga. Mara ya tatu, penye wazi palepale, kutoka milimani kwa mbali: ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta.

Hakulala mtu. Jumatatu iliwatosha, na waliokosa walisimuliwa: hiyo ni ngoma ya Evariste. Vichwa vyote viligeuka kumtazama Evariste kwa lawama, na Mzee Léopold akavua kofia kabisa kwa hasira. Maskini Evariste akainua mikono miwili juu kuonyesha kwamba siye. Lakini muziki ule ulijipiga wenyewe, kwa hiyo watu wakaona anajisifu kwamba kinanda kinalia bila mikono, wakampigia makofi.

Capitoline naye alijua: ngoma ilifutwa, hizo ni bunduki za kweli. Akipiga kelele, watu mia tatu watagombea mlango mmoja. Akatega sikio: ni mbali, haisogei. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, pu, pu, na kortege ikamfuata. Milima ikanyamaza. Nicole akafika altareni anacheka.

Nje, Mzee Léopold alimshika Evariste bega.

"Weye uko kichwa ngumu. Nilisema toa ile ngoma." Akavaa kofia. "Lakini leo uliiweka mbali. Ya mbali iko muzuri."

Evariste akafungua mdomo. Capitoline akamkanyaga mguu, akaficha kicheko kwa kitenge mpaka mabega yakatulia. Mzee alipoondoka, akajifuta machozi.

"Mwisho wa muziki wako ni mrefu," alimwambia Evariste. "Pindo linafagia chini. Lete Jumatatu, tufungue kidogo."