Kimea cha Wiki Mbili

Mama yangu mdogo aliolewa na chifu wetu wa kimila, na tangu hapo Songea nzima inamwita malkia. Mimi nilikaa kwake Mfaranyaki miaka minne, nikimfulia na kumpigia pasi, kwa hiyo nimeuona huo umalkia ukiwa umevuliwa.

Jukwaani yeye ndiye mlinzi wa mila. Nyumbani ugali wa ulezi haugusi, na Kingoni anakikumbuka akitaka kutukana tu. Togwa anayosifiwa nayo kila sherehe ya jadi, hata harufu yake haivumilii. Anayeipika ni mama yangu, dada yake wa tumbo moja, anayekuja kutoka kijijini na kimea chake cha ulezi kwenye mfuko wa rambo.

Kwetu aliyepika huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo wengine wanywe. Malkia huonja yeye. Analowesha midomo, anajifuta kwa kitenge, na watu wanampigia vigelegele. Uso mkavu namna ile sijauona kwa mtu mwingine.

Mwaka jana alimwahidi mama: safari hii utaonja wewe, na utakaa mbele pamoja nami. Mama akaazima viatu kwa jirani. Siku yenyewe akaambiwa asubiri jikoni kidogo, na hiyo kidogo ikafika saa nane mchana.

Malkia alikuwa ameshaonja, nami nagawa vikombe, mzee mmoja alipomuuliza, "Malkia, kimea hiki umekiotesha siku ngapi?"

"Wiki mbili," akajibu bila kupepesa macho.

Kimea ni siku tatu, nne. Mtoto yeyote wa huku anajua.

"Wiki mbili?" mzee akacheka. "Hicho si kimea tena, mama. Hicho ni cha kupalilia."

Watu wote chini ya turubai wakaangua kicheko. Nilifurahi, sifichi.

Malkia akageuka. "Mfanyakazi wangu ndiye aliyeniambia hivyo. Mwiteni."

Mama akatoka na viatu vyake vya kuazima, akapiga magoti. Nikasubiri aseme yeye ni nani.

"Shikamooni wazee. Ni siku nne. Bosi wangu nilimwambia vibaya."

Njiani kwenda stendi nilimuuliza kwa hasira kwa nini amefanya vile.

"Yule nimembeba mgongoni," alisema. "Ningemwangushaje mbele za watu?"

Mimi sijambeba. Nilihama kwake wiki ile ile.