Hamira ya Kitale, Joto la Bungoma

Mimi ndiye niliyemtoa kazini, sitamsingizia mtu. Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa msimamizi katika kiwanda kidogo cha mikate Kitale, diploma mbichi mkononi na kiburi tele. Mama mmoja alikuwa akikanda unga pale tangu kiwanda kianze. Hakupima kitu. Alitia mkono, akasema, "Ongeza maji," basi. Tajiri wetu aliponiambia nipunguze watu, nilimpunguza yeye kwa sababu hakuwa na cheti. Kila alichotia nilikuwa nimeshakipima mwenyewe na kukiandika kwenye daftari, sasa yeye wa nini?

Kitale mkate haukubadilika. Tukafungua tawi Bungoma, nikapelekwa kuliongoza na daftari langu. Loo! Unga uliumuka ukamwagika nje ya trei, na ndani ya oveni ukashuka ukawa bapa. Mwenye duka wa karibu na msikiti alinirudishia kreti nzima. "Bana, hii mkate inanuka pombe, inanuka busaa! Mimi Mwislamu nitauzia nani?" Tajiri akapiga simu: wiki ile ikiisha hivyo, anafunga tawi, na mimi niende nyumbani. Niliogopa sana. Mke wangu alikuwa mjamzito.

Nikarudi Kitale kumtafuta yule mama. Nilimkuta akikaanga mandazi mbele ya nyumba yake. Nikamweleza yaliyonipata. Nilijua atanitukana, na ningestahili, lakini alicheka.

"Ati diploma imeshindwa na mkate?" Kisha akauliza Bungoma kukoje. Nikamwambia kuna joto.

"Si ndiyo hiyo! Hapa kwetu baridi, hamira inalala. Huko punguza hamira, tumia maji baridi, na usiangalie saa. Bonyeza na kidole. Ikirudi polepole, choma."

Akanishika mkono, akauingiza kwenye unga wake wa mandazi, akanibonyezesha mpaka nikaelewa. Pesa alikataa.

"Wewe mwambie tu tajiri ni mimi nimekuonyesha. Labda atanirudisha kazi. Watoto wako shule." Nikamwahidi.

Mkate ukatengenea. Wiki haikuisha, yule mwenye duka akaagiza kreti mbili. Tajiri akaja mwenyewe Bungoma, akakata kipande, akatafuna taratibu, akanipa mkono mbele ya wafanyakazi wote.

"Nani alikuonyesha?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Hakuna mtu."