Siku Waliyotaka Kunirudisha Msangeni

Wajukuu wakisikia kwamba bibi yao alikuwa mke wa mfumwa, wanadhani nilivaa taji. Mfumwa kwetu Upareni alikuwa ndiye mtawala, wengine wangesema chifu, na mke wake mdogo alikuwa mtu wa kuamka mapema, kuchanja kuni na kupalia migomba. Viatu nilikuwa navyo, hilo sikatai. Jozi moja, ya kwendea Same mjini, na mlima nilishuka peku nimevishika mkononi, nikavaa nikifika chini, soli zisiishie kwenye mawe.

Niliolewa nikitokea Msangeni, kule Ugweno, milima ya kaskazini. Huku kusini wanasema Chasu, mimi na Kigweno changu, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa nacheka wakicheka na kununa wakinuna, sijui kimesemwa nini. Mke mkubwa akanipa jina la Mgweno. Mgweno, maji. Mgweno, kwenu ndivyo mnavyofagia? Mimi nikamwita dada, kama mama alivyonifundisha, nikafagia upya.

Boma lile nalikumbuka mpaka leo. Moshi wa kuni kwenye nguo, ndizi zinazoiva darini, ukungu unaoingia ndani bila hodi. Asubuhi ukifunguka unaiona nyika yote mpaka Makanya, na treni inatambaa huko chini kama jongoo. Mume wangu alipenda kusimama pale na kikombe chake cha uji, akinionyesha kwa kidevu mvua itakaponyesha. Mara nyingi alikosea. Hakuna aliyemwambia, ndiye mfumwa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mume wangu alikuwa Mlutheri wa kubatizwa, na mke mkubwa alifunga naye ndoa kanisani. Mimi nilikuja baadaye, kwa ng'ombe na pombe ya miwa tu. Tangu nilipoingia, mume wangu akakatazwa meza ya Bwana, akawa anakaa benchi la nyuma na kofia magotini. Watu wakazoea. Lakini alikuwa na ndugu yake, baba mmoja mama tofauti, msomi, anayejua kuongea na wakubwa wa wilaya, na huyo alikitaka kiti. Akapita nyumba kwa nyumba akisema mfumwa Mkristo mwenye wake wawili ni aibu. Ama amrudishe yule wa kaskazini kwao, ama aachie kiti. Yeye mwenyewe alikuwa na mwanamke huko Bendera, kwenye mashamba ya bondeni, na watoto wamechukua masikio yake, lakini yeye hakuwa mfumwa, nani angemuuliza.

Wazee wakaitisha baraza. Nilimuuliza mume wangu atafanya nini, akasema wazee wataamua. Mtu aliyekuwa akiamua mashauri ya milima yote, langu likawa la wazee. Nilikuwa na mwanangu mgongoni, wa kiume, bado ananyonya. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Wakiamua niondoke, yeye angebaki, na mimi ningerudi Msangeni mikono mitupu. Sikuwaza kiti wala kanisa. Niliwaza maziwa yatakavyonijaa njiani.

Baraza lilikuwa na utaratibu wake. Wazee wakishasikiliza pande zote, wanakula kwanza, mshtaki na mshtakiwa chungu kimoja, ndipo neno la mwisho litolewe. Bila kula hakuna hukumu. Chakula kilikuwa makande, na mwiko siku hiyo ulikuwa wa mke mkubwa peke yake. Mimi nikawekwa kwenye kuni.

Nikamwona anatoa ghalani maharage ya zamani, yale yaliyokauka mpaka yanalia kama kokoto kwenye ungo. Nikachukua magadi nimpe, maana bila magadi maharage yale hayaivi kwa siku moja. Akayachukua mkononi mwangu, akayafunga kwenye pindo la kanga yake.

"Leo hapana," akasema.

Nikajua amenimaliza. Wazee watatafuna mawe, watakasirika, na hasira itanishukia mimi. Nikalia palepale, nikasingizia moshi.

Nje maneno yalikwisha jua likiwa utosini. Wakatuma mtu kuulizia chakula, mke mkubwa akamrudisha. Wakatuma tena, akamrudisha. Mwisho akaja shemeji mwenyewe, yule ndugu aliyekitaka kiti, mpaka mlango wa jiko, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi.

"Shemeji, wazee wana njaa."

"Nasikia. Na mimi nina maharage."

"Tangu asubuhi?"

"Wewe si ndiye msomi? Ingia uyasomee."

Wazee waliokuwa karibu wakacheka, na mzee mmoja asiye na meno akasema kama ni hayo yeye hata kesho hayaonji. Shemeji akarudi akijipangusa jivu kwenye koti. Baadaye ukungu ukaanza kushuka, na wale wa vilele vya mbali wakachukua fimbo zao, maana njia za kule ukungu ukizifunika unatumbukia korongoni. Wakasema watarudi siku nyingine. Waliobaki hawakutosha kukata shauri.

Nilipomuuliza dada kwa nini, aliendelea kukoroga.

"Wakikutoa wewe leo kwa maneno, kesho shemeji atatafuta maneno mengine amtoe mume wangu, na mimi nitakuwa mke wa nani?" Akaonja, akatema. "Halafu wanaume nawajua. Ukienda ataleta mwingine. Mimi nimechoka kufundisha watu kufagia."

Hiyo siku nyingine haikufika. Masika yakakata njia, na kabla hayajaisha serikali ya uhuru ikaondoa utawala wa jadi nchi nzima. Kiti kikabaki kiti tu, na mtu asiyekuwa na kiti hakuna wa kumwambia apunguze wake. Shemeji akapata kazi ya ofisi, akatulia. Mume wangu akawa mkulima, anazibua mifereji na wenzake, anakosea mvua na sasa wanamwambia. Nadhani alikuwa na raha zaidi. Mwanangu akakulia mikononi mwa mama wawili, akichapwa na huyu anakimbilia kwa yule.

Mume wangu alitangulia mapema. Tukabaki mimi na dada, tunalima pamoja, tunagombana kuhusu chumvi, mpaka naye akaondoka. Juzi juzi watoto wa kaka yangu walikuja na gari kutoka Msangeni, wakaniomba nirudi kwetu, wamenijengea chumba. Nikawapa chai, nikawapeleka nyuma ya migomba nikawaonyesha makaburi mawili, na mahali nitakapolazwa, upande wa dada. Wakauliza kwa nini si upande wa mzee. Nikawaambia huyu ndiye niliyeishi naye muda mrefu zaidi.