Shangazi Zuwena Apanda Mlima wa Babu Seif

Safari hii ilianzia harusini, Bawshar, hapa Maskati. Shangazi yangu Zuwena, dada yake marehemu baba, aliulizwa na bibi mmoja asili yetu hasa ni wapi. Akajibu kama anavyojibu siku zote: Seif bin Khalfan, baba wa babu yake, ndiye mtu wa mwanzo kuhamia mlima mmoja nyuma ya Qurayyat, akajenga ghorofa mbili za mawe, kisha ndiyo akavuka bahari kwenda Unguja. Yule bibi akacheka. "Nyie watu wa Zanzibar, kila mmoja ana mlima wake! Nendeni basi, tuone kama kuna anayekujueni."

Shangazi alirudi nyumbani Ansab, asile siku nzima. Kazaliwa Unguja, kaja Maskati msichana, kasomesha skuli hapa mpaka kastaafu, na bado anaulizwa katoka wapi!

"Rayya," aliniambia, "nna miaka sabini na minane. Nnataka mtu mmoja tu kule juu aniambie mimi ni wao. Asipopatikana, sitamtaja tena Babu Seif."

Shangazi Zuwena asimtaje Babu Seif! Nikaona hapa pana jambo. Nikaomba ruhusa kazini.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka Ansab. Shangazi alipakia mkate wa kumimina, chupa mbili za chai na mto wa kukalia. Njia nzima ya Amirat alinisimulia hadithi ya Babu Seif, nami naijua tangu sijaota meno. Nikimwambia naijua, ananiambia basi sikiliza vizuri.

Saa mbili kasorobo tulifika Qurayyat. Hapo akataka samaki, maana hatwendi kwa watu mikono mitupu. Alimzungusha muuza samaki mpaka masikini akamchagulia jodari mzuri kuliko wote ili aondoke. Tukamtia kwenye sanduku la barafu.

Baada ya Qurayyat lami ikatuaga. Gari ilipanda juu ya mawe, upande mmoja ukuta wa jabali, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu. "Pole pole!" Shangazi anapiga kelele. Nikienda pole pole: "Mbona tumesimama?" Nikamuuliza Babu Seif alifuata nini huku. Akasema upepo mzuri. Mimi nilikuwa natoka jasho mpaka viganjani.

Saa nne tukafika kijijini. Nyumba kama kumi, mitende, na mfereji wa maji unapita katikati. Alitupokea mwenyeji mmoja, Mzee Hamed, pamoja na mkewe, Bi Shamsa, mwanamke mrefu mwenye macho makali. Tukakaribishwa barazani, zikaja tende na kahawa, na Mzee akauliza kama desturi ya watu wa huku: "Mna khabari gani?"

Sasa, kila aliyelelewa Omani anajua jawabu yake. Unasema hakuna khabari, kheri tu, na nyinyi je? Yanakwisha, watu wanakunywa kahawa. Lakini Shangazi kalelewa Unguja. Kaulizwa khabari, basi akatoa khabari.

Lo! Nilimfinya, nikakohoa, wapi! Kwa Kiarabu chake chenye Kiswahili ndani alianza na goti lake linalouma, akaja harusi ya Bawshar, akaingia kwa Babu Seif: alivyopanda mlima, alivyojenga, alivyotafuta chombo cha kwendea Unguja. Mzee Hamed anatikisa kichwa kwa adabu, kahawa inapoa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Akamwacha dada yake, Moza," Shangazi akasema. "Moza alikataa bahari. Alimwambia, nenda wewe, mimi maji yangu ni haya ya mferejini."

Bi Shamsa akaweka birika chini. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Babu yangu. Seif ni baba yake."

"Moza ni mama yake babu yangu mimi," akasema Bi Shamsa. "Na maneno hayo tunayajua sisi tu, wa nyumba hii."

Kisha Mzee Hamed akasimama, akasema twende tukaone nyumba ya Seif.

Ghorofa mbili hazikuwako, na kwa nionavyo hazikuwako kamwe. Palikuwa na kuta za mawe zinazonifika kiunoni, na ndani yake mbuzi saba. Nikabana kicheko. Shangazi alishika jiwe, akalipapasa.

Saa sita tulirudi barazani. Mgeni pale hainui kitu, anakaa anaandaliwa, kwa hivyo nilinyoosha miguu. Mara Bi Shamsa akatokeza mlangoni na kisu na bakuli la vitunguu.

"Zuwena! Utakaa hapo mpaka saa ngapi? Jodari wako anangoja."

Shangazi, ambaye tangu astaafu hajamenya hata ndizi, aliinuka kabla yule hajamaliza. Goti lote likapona.

Alasiri tukashuka. Nilikwenda nikidhani ndugu hupatikana kwa kuhesabu majina ya mababu. Majina yalitufikisha mlangoni, lakini Shangazi aliingizwa ndani na vile vitunguu.

Yeye alilalamika mpaka Qurayyat. "Mwanamke yule hana haya! Ati nakata vikubwa! Ananiamrisha kama mdogo wake! Na ananiambia mwezi ujao niwahi, nisimjie chakula kishaiva."

"Utakwenda?"

"Unaniuliza nini, Rayya? Sinaye dada mwengine."

Akageukia dirishani, akalia kwa sauti, nami nikasimamisha gari mpaka akamaliza.