Pikipiki ya Maziwa Kwenye Mbio za Bure

Mtu akitaka kutazama mbio za magari au za pikipiki bila kutoa hata senti, huku kwetu hatakosa. Shida ni moja tu, hataona kitu. Mimi nimehudhuria mara tatu, kwa hivyo nadharau kwa haki yangu.

Mara ya kwanza ilikuwa Griftu, tulipoenda arusi. Siku ya soko la mifugo vijana wanaoendesha magari ya miraa walishindana kwenye barabara ya kutoka mjini. Nilisimama juani saa nzima. Nikaona vumbi linaenda, nikaona vumbi linarudi, halafu wanaume wakaanza kugombana juu ya nani ameshinda. Hakuna aliyekuwa ameona. Mara ya pili ilikuwa Hagadera, nilipomtembelea habaryar, mdogo wa mama yangu, na huko walishindanisha mikokoteni ya punda. Najua punda hana injini. Lakini punda akipita unamwona uso, na akichoka anasimama, hajali nani anamtazama. Hiyo peke yake ndiyo ningerudi kuitazama.

Ya tatu ilifanyika hapa Garissa likizo iliyopita. Hiyo nitaieleza yote, kwa sababu kaka yangu alikuwa ndani, na mimi pia nina kosa langu.

Kaka yangu anajiona dereva mkubwa. Kazi yake ni moja: kila alfajiri anaingia porini na pikipiki mpaka ngamia walipolala, anajaza mitungi, anamletea hooyo maziwa kabla chai ya asubuhi haijaanza kuuzwa mjini. Hooyo, yaani mama, ana wateja wengi wa kikombe kimoja kimoja, lakini mteja anayetulisha ni hoteli moja ya chai karibu na stendi ya mabasi. Wiki ile ile mwenye hoteli alikuwa amemwambia mbele yangu, "Mama, ukichelewa tena mara moja tu, nachukua ya yule mwingine. Wasafiri hawangoji." Hooyo alitingisha kichwa, akachukua mitungi yake. Tangu siku hiyo ile pikipiki iliheshimiwa nyumbani kuliko mimi.

Haikuwa pikipiki ya kutamanisha. Ndani ya kila tairi kulikuwa na kipande cha tairi kuukuu, kimelazwa juu ya tyubu ili miiba ya porini isipenye. Wote wanaopita porini hufanya hivyo. Kinga hiyo inaongeza uzito, na pikipiki inayumba kama ngamia mwenye mimba. Waendeshaji wa mjini walikuwa wakimcheka kaka, naye, badala ya kuwadharau kama ninavyowadharau mimi, akaona aibu.

Asubuhi ya mbio, hooyo alipokuwa sokoni, nilimkuta nyuma ya jikoni amefungua magurudumu yote mawili. Vile vipande alikuwa amevitupa kando ya kuni.

"Kesho utaenda na nini kwa ngamia?" nikamuuliza.

"Nitarudisha jioni. Abaayo, dada yangu, hii uzito yote ni ya nini? Leo ni mbio, si maziwa."

"Hooyo anajua?"

"Atajua nikileta zawadi. Na akijua kabla, nitajua ni wewe umesema."

"Mimi huongea na nani?"

"Ndiyo maana sina wasiwasi," akasema, akaendelea kujaza upepo.

Zawadi yenyewe ilikuwa helmeti. Yaani mshindi angepewa kitu ambacho alitakiwa awe nacho kichwani kabla ya kuanza.

Mbio zilikuwa alasiri, kwenye uwanda ulio nje ya mji. Waandaaji walikuwa vijana wa hapa hapa, wamevaa fulana za rangi moja. Waliogopa watu wasije wakavuka njia, basi wakafanya kile tunachofanya hapa tukitaka kuzuia chochote: wakakata matawi ya mathenge, ule mti wa miiba uliojaa kila mahali, wakazungushia njia yote boma. Mbio za magurudumu ya upepo, wakazifungia ndani ya miiba. Hakuna aliyeshangaa. Wazee wawili walipita wakikagua, na mmoja akasifu, "Hii boma imefungwa vizuri. Hata fisi haingii."

Wanawake tulikaa kwenye kivuli cha lori la maji. Muuza chai mmoja alimuuliza mwenzake, "Wanakimbia wapi hawa?"

"Wanazunguka, wanarudi hapa hapa."

"Sasa si wangekaa?"

Huyo nilimpenda. Lakini alianza kunitazama kama mtu anayetaka kuniuliza mimi ni wa nani, nikainuka nikaenda mbali, mpaka kona ya mwisho ambako hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi tu. Mbuzi wanapenda maganda matamu ya mathenge, na yale matawi yalikuwa mabichi na yamejaa maganda. Walikuwa wameyavuta mpaka katikati ya njia, wanatafuna polepole. Nikawafukuza. Nikajaribu kuondoa tawi moja, likanishika mkono na buibui, nikaliacha. Yalikuwa mengi.

Nikarudi mbio hadi kwa mwandaaji mmoja mwenye kipaza sauti. Kaka alikuwa kwenye mstari, ameegemea usukani, amevaa miwani ya mtu mwingine. Nilisimama karibu na yule mwenye kipaza sauti mpaka akaniona.

"Abaayo, unataka nini?"

Watu wote wakageuka. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: kuna miiba njiani. Nikasema, "Hakuna."

"Basi rudi kwa wamama, tunaanza."

Nikarudi. Wakaanza.

Walipita mbele yetu mara moja, kelele tupu. Kisha wakafika kona ile. Kutoka mahali tulipokuwa tuliona vumbi linatulia, halafu likaisha kabisa. Baada ya muda mrefu akatokea mtu mmoja anaendesha taratibu, mbebaji wa makaa aliyeanza wa mwisho. Huyu hakuwa ametoa kinga ya matairi yake, labda hata hakuwa na muda. Alipita mstari akaendelea kwenda, alidhani bado kuna mizunguko. Wengine walikuja kwa miguu wakisukuma pikipiki. Kaka alikuwa wa nne kati ya wasukumaji. Alinipita bila kunitazama.

Fundi wa pancha alikuta matairi ya mji mzima yamepangwa mlangoni kwake, na la kaka lilikuwa mbali kwenye foleni. Mpaka magharibi hakuwa amelifikia.

Kesho yake maziwa yalikuja na mkokoteni wa punda, jua likiwa limeshapanda. Yalikuwa yameanza kuchachuka. Nilimfuata hooyo hadi hotelini. Mwenye hoteli alikuwa anamimina chai yenye maziwa ya yule mwingine, akatusalimia vizuri sana. Hakuna kilichobaki cha kuzungumza.

Njiani hooyo akauliza, "Ulikuwa huko jana?"

"Nilikuwa."

"Miiba uliiona?"

"Niliiona."

"Kabla au baada?"

Ningeweza kudanganya. "Kabla," nikasema.

Tukafika sokoni. Halafu akaniwekea mtungi mmoja mkononi, akanionyesha mahali pa kukaa katikati ya soko, si pembeni ninapokaaga. "Haya sasa ni susa," akasema, yaani maziwa ya ngamia yaliyochacha. "Susa haijiuzi. Ita watu."

Nikaita. Sauti ya kwanza niliisikia mimi mwenyewe tu. Ya tatu ikamgeuza mwanamume mmoja aliyevaa fulana ya rangi ile ile ya waandaaji wa jana. Akaonja kwenye kifuniko, akakunja uso.

"Mbona imechachuka hivi?"

"Imechelewa," nikamwambia. "Kuna watu waliweka miiba kwenye mbio za pikipiki."

Akanirudishia kifuniko, akaenda zake bila kununua. Nikaita tena.