Alicheka Mbele ya Nesi

Saa kumi na mbili asubuhi, pasi ya Mama Kola imeshapata moto. Wateja walimpachika jina hilo kwa sababu hakuna kola ya shati inayomshinda. Leo ameunguza moja.

"Ona sasa! Mwili uko hapa, akili haipo," anasema, akiifuta kola kwa kitambaa kibichi. Macho yake yako kwenye lundo la mashuka, alipojikunyata binti yake wa miaka sita, kiganja kikiwa shavuni.

Jino la nyuma limeoza. Matibabu ya meno kwa watoto ni bure katika zahanati ya serikali, lakini cha bure kina wenyewe wengi. Daktari wa meno ni mmoja, na haji kila siku. Anayelia kwa maumivu huonwa papo hapo; aliyetulia hupewa tarehe. Yaani mtoto anapimwa kwa kilio!

Juzi walikwenda. Kabla ya kutoka, mama alimpa binti dawa ya maumivu, kama ambavyo mzazi yeyote angefanya. Njiani akamwonya ajikaze, asimtie aibu mbele za watu.

Mtoto akajikaza kwelikweli. Nesi alipomuuliza, "Inauma, mwanangu?" alitikisa kichwa, akaanza kumsimulia vituko vya paka wa jirani huku akicheka.

"Nikamwambia nesi, jamani dada, huyu hajalala usiku kucha!" anasimulia Mama Kola. " Akaniambia, 'Mama, mbona anacheka?' Tukapewa tarehe ya miezi mitatu mbele."

Nesi huyo hana roho mbaya. "Wenzake walikuwa wanapiga mayowe," anasema. "Ningemwacha nani nje?"

Mama Kola hatulii. Anachomoa pasi, anaichomeka tena. Anampapasa binti paji la uso, anarudi mezani, anasahau shati lipi alikuwa analinyoosha. Mumewe, fundi baiskeli, anapiga simu kuuliza kama mtoto amekula.

"Atatafuna na nini, baba watoto?" anamjibu, kisha anaomba radhi.

Kesho daktari yupo, nao watarudi.

"Safari hii simpi dawa," anasema. "Mimi mama yake, nimwache aumie makusudi. Hebu fikiria."

Binti amesikia. Anainua kichwa.

"Mama, nikilia hutanigombeza?"

Mama Kola anaiweka pasi kando, anamkumbatia.

"Lia, mwanangu. Lia mpaka daktari atoke nje."