Nilivyompelekea Shosho Masikio Mau Narok

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya neno moja: ndiyo.

Anko Protus, mdogo wa marehemu baba, alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu ya familia. Alisema hivi, kwa ile sauti yake ya mwenyekiti: "Familia, hamjambo. Nimeongea na Mama. Shamba la Mau Narok tunampatia yule mtu wa ngano, na Mama nitamhamishia kwangu Elburgon, kuna chumba huko nyuma. Tumemuuliza, amesema ndiyo. Jumamosi tunamaliza."

Watu wakaanza kuweka vidole gumba na mikono ya maombi. Mimi niko saluni, nimeshika kichwa cha mteja kimesukwa nusu, nikaukaza msuko mpaka mteja akauliza kama nina ugomvi naye.

Humjui Shosho wangu, yaani bibi yangu, mama yao baba na Protus, kwa hivyo wacha nikuambie. Shosho hasikii vizuri, miaka mingi sasa. Na kwa vile ni mtu wa heshima, hapendi kumsumbua mtu arudie maneno. Ukimwambia kitu chochote anatabasamu na kusema, "Ndiyo, asante." Mwambie mvua inakuja: ndiyo, asante. Mwambie kuku amechukuliwa na mwewe: ndiyo, asante. Kuna Jumapili mchungaji alimuuliza kama mguu wake umepona au bado unauma, akasema ndiyo, asante, na kanisa zima likamwombea mguu ambao ulikuwa umepona zamani. Familia yote inajua. Anko Protus anajua kuliko sisi sote, maana ni yeye huiga hiyo "ndiyo, asante" kwenye harusi watu wakicheka mpaka soda inatokea puani.

Sasa hiyo hiyo ndiyo anaichukua anaifanya sahihi ya shamba!

Mimi si mtu wa hasira. Uliza mtu yeyote saluni. Mimi ndiye ninayeimba. Mimi ndiye ninayeota kuwa mtangazaji wa redio, hata nikifagia nywele natangaza hali ya barabara: msongamano wa nywele karibu na mlango, madereva mjihadhari. Lakini siku hiyo sikuimba. Nilimaliza kichwa cha watu nikiwa nimefunga mdomo, na nikajua nitaenda.

Nakuru, Ijumaa asubuhi. Nilifunga mkoba na kuweka ndani silaha yangu moja. Ni vile vidude vya kusikilizia visivyo na waya kabisa, kila kimoja kinakaa kwenye sikio lake peke yake, na vyote viwili vinalala kwenye kikopo kidogo kinachovichaji. Saluni tunaviita maharagwe, kwa sababu ya umbo.

Majuzi tu nilikuwa nachezea mipangilio ya simu nikawasha kitu cha kukuza sauti. Simu inageuka sikio: inachukua sauti pale ilipo na kuituma kwenye maharagwe. Nilikuwa nimeacha simu mbele kwa kioo, mimi niko nyuma nafua taulo, maharagwe masikioni, nikamsikia mwenzangu Shiro akimwambia mteja, "Nekesa anasuka vizuri, lakini akianza kuimba, woi, natamani stima ipotee nipate sababu ya kwenda nyumbani."

Nikatoka na taulo inachuruzika maji. "Shiro, stima imepotea?"

Aliruka karibu agonge kioo. Tulicheka siku nzima. Nani angejua kichekesho hicho ningekihitaji?

Shiro ndiye aliyenisindikiza stendi. "Enda ukamsaidie Shosho," akasema. "Lakini hizo maharagwe zako chaji vizuri. Zikizima katikati ya mkutano utajua hujui."

Njoro, kabla ya jua kuwa kali. Kutoka hapo nilipata kuketi mbele kwenye kanta, lile lori dogo la Rono, dereva anayebeba viazi kutoka juu Mau Narok kila wiki na ambaye mama yake ni mteja wetu. Lori lilikuwa tupu, limebeba magunia yaliyokunjwa tu, na kila shimo tulilipiga likatupiga pia. Nilikuwa nimeweka haragwe moja sikioni kujaribu kama linashika vizuri. Tukapita shimo moja kubwa, haragwe likaruka kama panzi, likapotelea chini ya kiti.

"Simama! Rono, simama!"

"Umeacha mtoto?"

"Sikio! Sikio la Shosho limeanguka!"

Alisimama akinitazama kama mtu anayefikiria kama ageuze lori anirudishe. Tulipekua chini ya kiti, tukatoa ganda la ndizi, spana, soksi moja ambayo Rono alikana si yake. Nilikuwa na hasira jamani. Nani alikaa chini akaamua kitu cha maana namna hii kiwe kidogo hivi, kiteleze kama sabuni, na kisiwe hata na uzi wa kukishika? Lile lenye waya likianguka linaning'inia shingoni linakungoja. Hili linakukimbia. Na ukipoteza moja huwezi kununua mwenzake. Unabaki kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Rono ndiye aliyeliona, limekwama kwenye reli ya kiti. Akalipuliza vumbi.

"Si ungenunua tu ya waya? Mimi yangu ya waya iko na miaka, hata ng'ombe imekanyaga."

"Ya waya inanasa kwa kitana nikisuka. Na Shosho huinama motoni, waya utaingia jikoni. Hii inakaa chini ya kitambaa cha kichwa, hakuna mtu anaona."

"Na chaji ikiisha?"

Nikakifunga kikopo. Huyo alikuwa Shiro wa pili.

Mau Narok, saa ya chakula cha mchana. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye mashamba ya ngano kama blanketi ambalo mtu amesahau kukunja. Baridi ya huko haikusalimii, inakushika tu. Babu alikuja kutoka magharibi na kazi ya reli, akaacha reli akafanya kazi kwenye shamba la mzungu, na shamba lilipogawanywa akapata kipande chake. Amelala hapo hapo, nyuma ya miti ya misaipresi, na Shosho hupanda viazi mpaka karibu na kaburi lake, anasema mzee hapendi kuona ardhi imekaa bure.

Nilimkuta jikoni akimenya viazi.

"Shosho! Hujambo?"

"Ndiyo, asante," akasema, akanikumbatia na kisu mkononi.

Nilimketisha. Nikachagua ule mpira mdogo wa kuvalisha haragwe, maana yanakuja na saizi tatu na masikio ya Shosho ni madogo kama yangu. Nikamwingizia la kulia, la kushoto, nikarudisha kitambaa chake juu. Nikashika simu karibu na mdomo na kusema polepole, "Shosho. Ni mimi, Nekesa."

Kisu kilianguka.

"Usinipigie kelele," akanong'ona. Mimi sikuwa nimepiga kelele. Halafu akashika mdomo. "Huyo ni nani ananirudia?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hayo maharagwe yanachelewa kidogo, yanaleta neno lako likiwa limeshatoka, kama mtoto anayekuiga. Ni kasoro, na inaudhi. Lakini Shosho alisikiliza, akasema tena, "Mimi ni Rasoa," akangoja lirudi. Akasema, "Kumbe sauti yangu imezeeka hivi, na hakuna mtu aliniambia."

Nililia kidogo, sitadanganya. Mchana wote alizunguka na simu kwenye mfuko wa aproni akisikiliza vitu: sufuria, kuku, upepo kwenye mabati. Upepo haukumfurahisha, simu inaukuza mpaka unakuwa kama trekta. Jioni wakati wa maombi aliyatoa yote mawili akayaweka kwenye kikopo. "Mungu namsikia bila hizi," akasema.

Nilipomwambia habari ya shamba, nikiwa nimeyarudisha masikioni mwake, alikunja aproni yake polepole.

"Protus alikuja," akasema. "Aliongea sana. Nilifikiri ananieleza habari za watoto wake."

Jumamosi, Anko Protus akafika. Alikuja na mtu wa ngano, mwanamume mwenye koti zuri na buti safi, na Anko akaingia sebuleni akimwulizia mama yake, "Mathe yuko?", kama nyumba ni duka. Nilipanga vikombe, nikamimina chai, na Shosho, aliyekuwa na maharagwe masikioni tangu alfajiri, akaniita jikoni nishike sufuria. Simu nikaiacha mezani karibu na thamosi ya chai. Sikupanga hivyo, nakuapia. Nilisahau tu, kama nilivyosahau saluni.

Jikoni ni chumba cha mbao, hatua chache tu kutoka sebuleni. Mimi nilisikia mnong'ono wa wanaume kupitia ukuta, halafu kicheko. Maneno sikuyapata. Lakini nilimwona Shosho. Alikuwa ameshika kiazi, na kiazi kikaacha kuzunguka. Akatazama ukuta. Uso wake ukawa kama uso wa mtu ambaye amefungua mlango wa nyumba yake akamkuta mgeni amevaa nguo zake.

"Wanasema nini, Shosho?"

Aligusa sikio la kulia. "Hii inalia."

Ile milio ya chaji kuisha! Shiro, Rono, nyote mlisema. Nililitoa la kulia nikaliweka kwenye kikopo. Na hapa lazima niyape haki yake maharagwe: kwa vile hayajafungwa pamoja, moja linaweza kunywa chaji na mwenzake akaendelea na kazi. Tukaingia sebuleni na sikio moja.

Anko Protus alivuta kiti mpaka karibu naye, akainama, akapiga kelele kama anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "MAMA! HUYU NDIYE MTU WA SHAMBA! UNAKUBALI, AU SIYO?"

Halafu akamgeukia mgeni kwa tabasamu, akingoja ile ndiyo yake.

"Protus," Shosho akasema, "mimi si mlima. Ongea polepole."

Tabasamu likabaki usoni, lakini lilikuwa limeachwa peke yake.

Shosho akainua mkono. "Ngoja." Haragwe la kushoto nalo lilikuwa limeanza kulia. Akaingiza vidole chini ya kitambaa, akalitoa, akaninyooshea. Nikampa la kulia kutoka kwa kikopo, nikiomba lisiruke. Akaliweka taratibu kama mtu anayebadilisha miwani. Wanaume wawili walimtazama midomo wazi.

"Ni nini hiyo?" Anko akauliza. "Nekesa, umemwekea mama nini?"

"Masikio," nikasema.

"Nilikuwa jikoni," Shosho akasema. "Ulimwambia mgeni wako hivi: 'Huyu mama hata ukimuuliza kama anataka kuzikwa leo, atasema ndiyo, asante.' Mkacheka."

Hakuna aliyegusa chai.

"Basi niulize."

"Mama, ilikuwa utani tu..."

"Niulize, Protus. Mgeni asikie."

Anko akatazama sakafu. Mtu wa ngano akatazama buti zake.

"Ameshindwa kuuliza," Shosho akamwambia mgeni, kwa upole kabisa. "Wacha nijibu tu. Hapana. Sizikwi leo. Sihami. Nikizikwa nitazikwa hapo nyuma kwa mzee, na ngano yako haitapita juu yetu. Kunywa chai, iko moto."

Mgeni alikunywa kidogo kwa adabu, akasema yeye aliambiwa mambo yamekubalika, akaondoka. Na mimi ndipo niliposhindwa. Nilimwambia Anko Protus mambo ambayo mtoto hasemi kwa mkubwa. Nilimwambia mtu anayeficha uovu wake nyuma ya heshima ya mama yake ni afadhali mwizi, mwizi hakuulizi kwanza. Akaniambia nina mdomo wa saluni. Nikamwambia saluni angalau tunaosha vichwa vya watu kabla ya kuvivuruga.

"Nekesa, inatosha," Shosho akasema. Halafu akagusa sikio. "Imekufa." Akatabasamu. "Lakini nimeshasema."

Jumapili, njia ya kurudi. Nataka mnielewe nyinyi mnaosoma, hasa mnaofikiria kununua vitu hivi: ni vizuri kwa mtu mwenye mikono ya kazi, vinakaa bila kuonekana, sikio moja linamsaidia mwenzake. Lakini vinaruka, vinakufa haraka, vinachelewesha maneno, na bila simu kubwa ni mbegu tu. Shosho ana kasimu ka vitufe. Tena si dawa. Tumekubaliana atashuka Nakuru nimpeleke kwa daktari wa masikio, jambo ambalo sisi wote tulipaswa kulifanya zamani badala ya kucheka. Nilitaka kumwachia kila kitu, hata simu, akakataa. "Beba. Nimesikia ya wiki nzima."

Kumbe hasira yangu haikuwa juu ya kifaa. Ni juu yetu sote tuliokuwa na midomo karibu na sikio lake miaka yote, tukapenda ile ndiyo kwa sababu ilikuwa rahisi.

Lori la Rono lilipiga honi barabarani, limejaa viazi. Nilikuwa nimeshafika kwenye lango, maharagwe yamelala mkobani, nikageuka nikapunga mkono. "Shosho, nitarudi Krismasi!"

Nilingoja ile ndiyo, asante yake.

Alisimama mlangoni, mkono nyuma ya sikio, amekunja uso.

"Sijasikia!" akaita. "Rudi hapa karibu useme tena!"

Rono akapiga honi ya pili. Nikarudi mbio.